Kuhama Bara na Kukaa Pwani: Mambo ya Mwaka wa Kwanza

Jamaa wengi wa Kenya wamepata kuacha nyumba zao katika nchi ya juu, yenye baridi, wakaenda kukaa katika nchi ya joto iliyo karibu na bahari. Katika miaka ya 1950 watu wa Ukambani walihamia mashamba mapya ya Shimba Hills, upande wa Kwale. Katika miaka ya 1970 wakaja wengine, wengi wao kutoka milima ya Kenya ya kati, wakapewa mashamba Mpeketoni, upande wa Lamu, penye ziwa la maji matamu lililoitwa Mkunguya na ambalo sasa huitwa Ziwa Kenyatta. Hata leo wako wanaohama kila mwaka, huyu kwa kununua shamba, yule kwa kufuata kazi, na mwingine kwa sababu shamba la baba yake limegawanywa mpaka halina tena cha kugawanywa.

Safari yenyewe si kazi kubwa siku hizi. Vitanda, masanduku, kuku na watoto hupakiwa katika lori jioni, na siku ya pili jamaa wote wamefika. Taabu huanza lori likiisha kuondoka. Na ukichunguza taabu nyingi za wageni wa Pwani utaona ya kuwa zatokana na jambo moja: mtu hudhani kwamba aliyoyajua kwao ni kweli kila mahali. Alikuwa mkulima hodari huko alikotoka, naye mama alijua kuwatunza watoto wake wasipatwe na maradhi. Lakini ujuzi ule ulikuwa ujuzi wa nchi ile. Katika nchi mpya mbegu ni nyingine, homa ni nyingine, na hata mti ulio katikati ya shamba una habari yake.

Imeonekana kuwa ni vizuri jamaa wasihame wote kwa siku moja. Yafaa mwenye nyumba, au kijana wake mkubwa, atangulie katika miezi ya kaskazi, Januari au Februari, wakati nchi imekauka. Hapo aweza kufyeka, kuchimba choo, kusimamisha nyumba, na kutayarisha shamba kabla ya mvua za masika, ambazo huanza mwisho wa Machi au katika Aprili. Jamaa wakija wakati nyumba imekwisha kuezekwa watakuwa na mahali pa kutundika vyandarua. Wakija katikati ya mvua watalala chini ya turubai, na usiku wa namna hiyo ndio ambao mbu huutaka.

HOMA YA MALARIA

Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana ndilo liwezalo kuondoa uhai wa mtoto katika muda wa siku mbili au tatu.

Malaria huletwa na kijidudu kidogo sana kikaacho katika damu, na huchukuliwa kutoka mtu hadi mtu na mbu jike wa namna iitwayo Anopheles, ambaye huuma hasa usiku. Kijidudu hicho hakina budi kukua kwanza ndani ya mwili wa mbu, na hakiwezi kukua kama hewa ni ya baridi sana. Kwa sababu hiyo katika nchi zilizo juu kupita mita 2,000 au karibu na hapo malaria ni haba, na watu wengi wa huko hukua wasipate kuugua hata mara moja. Hao wana bahati nzuri maadamu wako kwao. Wakishuka Pwani bahati hiyo hugeuka.

Mtu aliyezaliwa mahali penye malaria nyingi huugua mara kwa mara katika utoto wake, na kila mara mwili wake hujifunza kidogo namna ya kupigana na kijidudu kile. Akiwa mtu mzima aweza kuwa nacho katika damu na asiumwe na zaidi ya kichwa. Nguvu hiyo haikamiliki, wala haidumu milele. Mtu wa Pwani akikaa miaka mingi Nairobi hupungukiwa nayo, akirudi kwao huugua kama mgeni. Lakini mtu wa milimani hana nguvu hiyo kabisa. Si watoto peke yao walio katika hatari, bali baba na mama na bibi mzee pia. Hapa ndipo wageni wengi hudanganyika. Humwona jirani, mwenyeji wa pale, akiumwa leo na kesho yumo shambani, nao hufikiri kuwa homa hii ni kitu kidogo cha kustahimiliwa. Jirani amekwisha kulipa deni lake utotoni. Mgeni hajalipa.

Ni lazima kujua pia ya kuwa homa haiji siku ya pili baada ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida hupita siku 7 au zaidi, na mara nyingi majuma mawili au hata mwezi. Kwa hiyo jamaa hukaa juma la kwanza wakiwa wazima, wakaandikia ndugu zao kwamba nchi ni njema na habari za homa zilikuwa maneno ya bure. Katika juma la tatu watoto wawili wanatetemeka.

Kinga iliyo bora ni chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu. Kila kitanda na kila mkeka kiwe na chake, nacho kichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka wenyewe kabla ya watoto kulala. Chandarua cha namna hii hufaa kwa muda wa miaka mitatu hivi, kisha dawa hupungua na matundu huongezeka. Haifai kukifua kila juma kwa sabuni kali na kukianika juani, wala kukigeuza kuwa wavu wa kuvulia samaki au ua la kufugia vifaranga, jambo ambalo limeonekana mahali pengi. Mama mjamzito aende kliniki mapema, kwa kuwa katika sehemu za Pwani na za Ziwa Viktoria wajawazito hupewa vidonge vya kuwakinga na malaria hata kama hawajaugua.

Watu wengi hufikiri kwamba mbu wa malaria hukaa katika majani marefu na takataka, basi hufyeka pande zote za nyumba na kujiona salama. Kufyeka si vibaya, maana hufukuza nyoka. Lakini mbu huyu hutaga mayai yake katika maji yaliyotulia, na mara nyingi ni maji safi yenye kupigwa na jua: kishimo kilichochimbwa udongo wa kukandika nyumba, nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, tuta la gari kando ya njia. Mgeni ajengaye nyumba ya udongo huchimba shimo hatua chache tu kutoka mlangoni pake, kisha hulisahau. Yafaa shimo lile lifukiwe kabla masika hayajaanza.

Dalili za homa zikionekana, mgonjwa apelekwe zahanati siku ile ile. Huko hutobolewa kidole, tone la damu hupimwa, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa kwisha. Zamani watu walipewa kwinini, na baadaye klorokwini. Lakini kijidudu kilizoea klorokwini mpaka haikufaa tena, na Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998. Tangu mwaka 2004 Serikali imechagua dawa yenye artemeta na lumefantrini, ambayo humezwa mara 6 katika siku 3, kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa. Hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au wali wa nazi. Kosa lililo kubwa ni kuacha dawa siku ya pili kwa kuwa mtoto ameanza kucheza, na kumwekea mdogo wake vidonge vilivyobaki. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamshika, au aliyeshikwa na degedege, huyo asingojewe mpaka asubuhi. Wako wasemao kwamba degedege ni jambo la ndege au la pepo, lisilo kazi ya daktari. Wazee wana heshima yao, lakini hospitali iwe kwanza.

Katika miaka ya karibuni malaria ya Pwani imepungua sana kuliko ilivyokuwa mwisho wa karne iliyopita. Haijakwisha. Na kwa mtu ambaye damu yake haijapata kuijua, mbu mmoja atosha.

MAJI NA CHAKULA

Huko milimani mto hupita chini ya shamba, na maji hutelemka mwaka mzima. Pwani mito ni michache, na watu wengi hutegemea visima. Karibu na bahari kisima kina desturi yake. Maji ya mvua yaliyozama ardhini ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta yakaavyo juu ya supu. Kisima kifupi, kinachotekwa kwa kiasi, hutoa maji matamu. Kikichimbwa zaidi kwa tamaa ya kupata maji mengi, au kikivutwa kwa mashine mchana kutwa, maji ya chumvi hupanda, na pengine hayarudi chini upesi. Wenyeji wajua kina cha visima vyao. Yafaa kuwauliza kabla ya kumlipa mchimbaji. Choo kiwe mbali na kisima, hatua 40 au zaidi, na kiwe upande wa chini. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana meupe kama kioo.

Habari ya chakula ni ndefu zaidi, maana hapa ndipo mgeni huona njaa akiwa na shamba kubwa kuliko lile aliloliacha. Mkulima wa nchi ya juu hubeba mbegu zake. Mahindi chotara ya Kitale, ambayo ya kwanza yalianza kuuzwa mwaka 1964, yamefanya kazi kubwa nchini. Lakini mengi yao yalifanywa kwa ajili ya nchi ya baridi, na huko hukaa shambani miezi sita hata minane. Mvua za Pwani hazingoji muda huo. Mahindi humea vizuri, hurefuka, humpendeza mwenyewe, kisha mvua hukatika kabla hayajabeba. Kwa sababu hii yalitafutwa mahindi ya Pwani yenyewe, kama yale yaitwayo Pwani Hybrid, yaliyotolewa kwanza mwaka 1989, ambayo hukomaa katika miezi mitatu au minne. Viazi vya mbatata huhitaji usiku wa baridi ili vijae chini. Pwani hutoa majani mengi na viazi kama kokoto. Maharagwe nayo huchukia joto. Badala yake kuna kunde na pojo. Mama aliyezoea kupika githeri atasema mwanzoni kwamba kunde si maharagwe, na ni kweli. Lakini majani yake yafaa kuchumwa baada ya majuma machache tu tangu kupandwa, na katika mwaka wa kwanza mboga iliyo karibu ni bora kuliko maharagwe yaliyo Nyeri.

Muhogo ndio ghala ya nchi hii. Hungoja ardhini mpaka uhitajiwe, nao hustahimili jua. Lakini mtu ambaye hakuuzoea hana budi kufundishwa, kwa kuwa kuna mihogo mitamu, kama ule uitwao Kibandameno, ambayo humenywa na kupikwa na kuliwa, na kuna mihogo michungu yenye sumu iwezayo kuua. Mihogo michungu humenywa, hulowekwa siku kadha, huanikwa juani mpaka ikauke kabisa, ndipo husagwa. Kwa macho haitambulikani kwa urahisi. Mgeni apande miche aliyopewa na mtu anayeijua, wala watoto wasiruhusiwe kung'oa na kutafuna muhogo wa porini au wa shamba lililoachwa.

Mnazi hautoi nazi kabla ya miaka sita au saba, na mkorosho huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hata wa tano. Apandaye miti hiyo afanya vema, lakini asihesabu fedha zake katika kulipa karo ya mwaka ujao. Kwa hakika jamaa yahitaji akiba ya chakula, au ya fedha za kununulia chakula, ya kutosha miezi minane au tisa. Wageni wengi waliorudi kwao hawakufukuzwa na nchi. Waliishiwa na unga kabla ya mavuno ya kwanza.

Na ng'ombe je? Ng'ombe wa maziwa wa Kizungu, ambaye huko milimani alikuwa benki ya nyumba, ni mgeni kuliko bwana wake. Katika misitu ya Shimba na ya Lamu wako mbung'o, ambao huwaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hukonda, hutupa mimba, kisha hufa. Kupe nao hawakosekani, na joto peke yake hupunguza maziwa. Heri kumwuza ng'ombe huko kwao, kuanza na mbuzi na kuku wa pale, na kumwuliza daktari wa mifugo kabla ya kununua mwingine. Usiku kuna nguruwe mwitu, na mchana nyani. Pande za Shimba Hills kuna ndovu, ambao humaliza shamba la ndizi katika saa moja. Kulinda shamba ni kazi ya watu wengi, wala haiwezekani kwa mtu asiyejuana na jirani zake.

MITI, MAKABURI NA MAJIRANI

Kuna desturi moja ya Pwani ambayo imeleta kesi nyingi, nayo haijulikani sana bara. Kwa Wamijikenda na Waswahili mti waweza kuwa na mwenyewe aliye mbali na mwenye ardhi. Mtu aliyepanda mwembe, mnazi au mkorosho ni mwenye mti huo, na watoto wake huurithi, hata kama ardhi iliyo chini yake ina mtu mwingine. Mgeni hununua shamba, huona mwembe mkubwa unatia kivuli mahindi yake, naye huukata. Kesho yake huja mzee na wanawe watatu kudai mti wa babu yao, na tangu siku ile ujirani umeharibika. Kabla ya kupitisha shoka yafaa kuuliza kila mti ni wa nani, na kama hapana budi kuuondoa, bei ipatanwe mbele ya wazee. Vivyo hivyo makaburi ya zamani yaweza kuwamo shambani bila alama ila mawe machache. Na misitu ya kaya, ambayo Wamijikenda huiheshimu kama makao ya wazee wao wa kale, si mahali pa kutafuta kuni. Baadhi ya misitu hiyo iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Inafaa kusema wazi kwamba mahali pengine Pwani wageni hawakupokewa kwa furaha, na sababu zake si za bure. Wako wenyeji waliokaa katika ardhi kwa vizazi vingi bila hati, wakaona wengine wakipewa hati mbele yao. Jamaa mpya haiwezi kuyamaliza mambo hayo, lakini yaweza kukataa kuyaongeza. Anunuaye ardhi aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi kutazama imeandikwa kwa jina la nani. Barua ya kugawiwa shamba si sawa na hati. Shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967. Tena aulize watu wa pale ni nani alilima hapo kabla yake. Majibu ya ofisi na majibu ya kijiji yakipishana, fedha zisitoke.

Mambo ya kila siku ni mepesi zaidi. Mtu afikapo aende kwa chifu au naibu wake kujulisha jina lake, kisha azunguke nyumba za jirani na kupiga hodi. Asikimbilie haja yake. Pwani maamkizi ni sehemu ya mazungumzo, na kijana asiyemwambia mzee "shikamoo" huhesabiwa kuwa hakufunzwa. Kiswahili cha bara, kisichojali ngeli, huwachekesha watoto wa Lamu, lakini kucheka huku si uadui, na katika muda wa mwaka mmoja watoto wa mgeni watakuwa wakiwasahihisha wazazi wao.

Mzigo ulio mzito humwangukia mama. Baba huenda sokoni na barazani, hupata marafiki. Watoto huenda shule, maadamu barua zao za kuhama na vyeti vya kuzaliwa havikupotea njiani. Mama hubaki na kuni asizozijua, kisima kilicho mbali, na mtoto mchanga, bila mama yake wala mama mkwe wa kumwachia. Jirani wa kwanza wa kike ni mali kwake kuliko bati la nyumba. Vikundi vya akina mama, vyama vya kuwekeana fedha na msaada wa misiba vipo karibu kila kijiji, navyo humpokea mgeni aliye tayari kutoa zamu yake. Mwanamume ambaye humkataza mkewe kwenda huko, kwa kuwa hawajawajua watu wale, ajua mwenyewe atamwita nani usiku mtoto akishikwa na homa.

Nyumba iwe na paa lenye kuteremka na baraza pana. Makuti huleta ubaridi ingawa hayana budi kubadilishwa baada ya miaka michache. Bati hudumu, lakini mchana nyumba huwa kama tanuri ikiwa haina dari na madirisha mawili yaelekeanayo ili upepo wa kusi upite. Dirisha dogo moja, kama la nyumba za milimani ambako watu hukimbia baridi, halifai hapa.

Mwisho wa mwaka wengi hupanda gari kwenda kuwaona wazee waliobaki bara. Katika safari hiyo kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Mtoto aliyeumwa na mbu Pwani siku ya kuondoka aweza kuanza kuugua siku kumi baadaye, akiwa kwa bibi yake, mahali ambapo malaria ni haba. Bibi atasema ni mafua ya baridi, na hata mganga wa zahanati ya huko, ambaye haoni malaria mara nyingi, aweza kufikiri hivyo hivyo. Basi mzazi aseme bila kungoja kuulizwa: "Twatoka Pwani," na aombe damu ipimwe. Na wakati wa kurudi, vyandarua vitundikwe usiku ule ule wa kufika, kabla ya mizigo kufunguliwa.